Maji yapimwe ndani ya jerikani nyumbani, si bombani tu

Ndugu Mhariri,

Habari za maji katika makazi ya wakimbizi zinapochapishwa, picha huwa ni ile ile: utepe umekatwa, mgeni rasmi ameinamia bomba, maji yanamwagika mikononi mwake na watu wanapiga makofi. Furaha hiyo ni halali. Kwa mama aliyekuwa akitembea saa nzima hadi kijito cha bondeni, bomba jipya ni ukombozi. Tunachoomba ni kwamba hesabu ya maji safi isiishie pale kwenye utepe. Ifuatwe mpaka kwenye jerikani iliyosimama kwenye kona ya nyumba asubuhi ya siku ya pili, kwa sababu maji ya jerikani hiyo ndiyo yanayonywewa, na ni mara chache sana mtu hufika hapo na kipimo mkononi.

Uganda ina ushahidi wake wa jambo hili, nao ni wa uchungu. Oktoba 2007 homa ya ini aina ya E ilizuka Madi Opei, wilayani Kitgum, kati ya watu ambao vita vya waasi wa LRA vilikuwa vimewasukuma kambini. Kufikia Juni 2009 wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 10,196 na waliofariki 160. Ugonjwa huu huwaumiza wajawazito kuliko wengine wote, na hukaa mwilini wiki mbili hadi tisa kabla ya kujionyesha. Kwa hiyo siku macho ya manjano yanapoanza kuonekana zahanati, kosa lilikwisha kutendeka mwezi mmoja au zaidi nyuma. Watafiti waliokwenda kuuliza nyumba kwa nyumba waligundua kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watu waliotunza maji ya kunywa katika vyombo vya mdomo mpana, na kwa wale waliokuwa wakinawa mikono pamoja ndani ya beseni moja.

Beseni hilo lastahili kuangaliwa kwa karibu. Kumletea mgeni maji ya kunawa kabla ya chakula ni adabu njema, na hakuna anayetaka ife. Lakini beseni likizungushwa na kila mtu akatumbukiza mikono, wa mwisho ananawa uchafu wa wote waliomtangulia. Marekebisho ni madogo sana: mtoto ashike birika au kikombe, amwagie mgeni, mikono ikae juu ya beseni na maji yaangukie ndani yake. Adabu inabaki, na njia ya ugonjwa inafungwa. Mafunzo ya usafi yanayofika na mabango makubwa mara nyingi hupita jambo kama hili bila kuliona.

Sasa klorini, maana hapo ndipo makosa yanapokaa kwa wingi. Klorini ikitiwa majini huua vijidudu vilivyomo, na kile kinachobaki baada ya kazi hiyo huyalinda maji yasichafuliwe upya na kikombe, mkono au chombo. Hicho kinachobaki hupungua saa baada ya saa. Jua hukipunguza, joto hukipunguza, na utando wa kijani uliogandamana ndani ya jerikani hukila upesi ajabu. Viwango vya kimataifa vya huduma wakati wa dharura, vinavyoitwa Sphere, vinataka miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita pale maji yanapochotwa. Utafiti uliofanywa katika kambi za wakimbizi Sudan Kusini, ukachapishwa mwaka 2015 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, ulionyesha kwamba kiasi hicho hakifiki mbali: ili nyumbani kubaki 0.2 saa kumi baada ya kuchota, bombani panahitajika karibu miligramu 1 kwa lita. Palorinya, Bidi Bidi na Imvepi, makazi ya wakimbizi kaskazini magharibi mwa Uganda, hazipo mbali na mpaka ule. Joto linafanana na jerikani ni zile zile. Fundi anayesoma 0.4 bombani, akatia sahihi na kuondoka, amepima mwanzo wa safari tu.

Kupima nyumbani hakuhitaji maabara. Chagua nyumba kumi katika bloki moja, nenda asubuhi kabla watu hawajachota mapya, omba maji ya kunywa katika kikombe kile kile wanachokitumia. Jaza kichupa cha kipimo hadi alama, tia kidonge cha kupimia klorini kiitwacho DPD namba 1 moja kwa moja kutoka kwenye karatasi yake bila kukigusa kwa vidole, kivunje kiyeyuke, kisha linganisha rangi ya waridi na kadi ndani ya dakika moja. Andika namba, na kando yake andika saa ambayo maji yalichotwa, kwa sababu 0.1 ya maji ya jana mchana ni habari njema kuliko 0.1 ya maji ya nusu saa iliyopita. Kuna mtego mmoja ambao umewapotosha wengi: klorini ikizidi mno huifuta rangi ya kidonge, kichupa kikabaki cheupe kana kwamba hakuna dawa kabisa. Mtu asiyejua huongeza dawa. Ukiona cheupe huku pua inasikia harufu kali, changanya maji hayo na maji ya chupa yasiyo na klorini, kimoja kwa tisa, upime tena na uzidishe jibu kwa kumi.

Tuseme nyumba saba kati ya kumi hazina klorini iliyobaki. Kabla ya kuongeza dawa kwenye tangi, jaza ndoo safi yenye kifuniko kwa maji ya bomba lile lile, iweke kivulini kwa saa sawa na zile maji yanazokaa nyumbani, kisha upime. Ikiwa ndoo safi imehifadhi klorini yake, lawama ni ya jerikani. Ikiwa nayo imeishiwa, maji yenyewe yanakula dawa na kipimo cha tangini kinapaswa kupanda. Kazi hizi mbili zina gharama tofauti kabisa, na mara nyingi huamuliwa kwa kubahatisha.

Jerikani husafishwa kwa konzi mbili za changarawe iliyooshwa, sabuni na maji hadi robo. Funga, tikisa kwa nguvu dakika mbili tatu, geuza upande, tikisa tena, suuza mpaka maji yatoke meupe. Mara moja kwa wiki inatosha. Timu zilizofanya hivi pale pale bombani, kila mtu akisubiri zamu yake na changarawe zikiwa kwenye karai, zimefaulu kuliko zilizowaambia watu wakafanye nyumbani, kwa sababu bombani maji yapo, sabuni ipo na jirani anatazama.

Ufukweni hakuna tangi la kutilia dawa. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia mapigano Ituri, mashariki mwa Kongo, walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi hadi upande wa Hoima, wengi wakishukia Sebagoro kabla ya kupelekwa Kyangwali. Februari kipindupindu kikalipuka; zaidi ya watu 2,000 waliugua na zaidi ya 40 wakafariki. Katika hali kama ile, kinachowezekana tangu siku ya kwanza ni mtu aliyesimama mahali pa kuchotea na bomba la sindano, akitia dawa katika kila jerikani inayopita. Ni kazi inayodharaulika kwa macho, na imeokoa roho nyingi.

Inafanywa hivi. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, gramu 15, yaani kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa, huyeyushwa katika lita 1 ya maji. Hiyo ndiyo dawa mama ya asilimia 1. Iache itulie, utumie maji ya juu yaliyo safi, uache chokaa iliyozama chini. Kisha panga ndoo tano za lita 20 zilizojazwa maji ya ziwa. Ya kwanza itie mililita 2, ya pili 4, ya tatu 6, ya nne 8, ya tano 10. Koroga, subiri nusu saa kamili kwa saa ya mkononi, pima zote. Ndoo iliyobakiwa na miligramu 0.5 kwa lita au zaidi kidogo, bila kuvuka 1, ndiyo inayotoa kipimo cha siku hiyo. Ikiwa ni ile ya mililita 6, basi kila jerikani ya lita 20 itatiwa mililita 6, na mwenye nayo aambiwe asinywe kabla ya nusu saa kupita.

Kipimo hicho ni cha mahali hapo na siku hiyo. Mvua ikinyesha na mto ukaleta tope, kipimo cha jana hakifai tena. Tumeona kosa hili likirudiwa sana: kituo kimoja kinapima vizuri, kingine kinapiga simu na kuuliza “ninyi mnatia ngapi?”, na ufuko mzima unatiwa kipimo cha maji ya mahali pengine. Kosa la pili ni dawa mama iliyokaa. Iwekwe katika chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga, kivulini, na isivuke wiki moja. Kopo la unga lililoachwa wazi hupoteza nguvu, na unga huo usiwekwe chumba kimoja na dizeli, petroli au mafuta ya aina yoyote, maana vikikutana huwaka moto.

Maji yenye tope zito yasitiwe klorini kabla hayajatulizwa. Tope huificha bakteria na kuila dawa. Shabu hufanya kazi hiyo: huyavuta matope yakashikamana, yakazama, kisha maji ya juu yakachotwa. Kiasi cha shabu nacho hutafutwa kwa ndoo kadhaa kama klorini. Kinachotafutwa mwishoni ni maji yaliyo chini ya NTU 5, yaani kipimo cha utope, yanayosomwa kwa bomba la kioo lenye alama chini. Ukikosa bomba hilo na maji bado yana rangi ya chai ya maziwa, yatulize tena.

Jambo moja zaidi la klorini, kwa sababu limechoma mikono ya watu. Kijiko kile kile cha gramu 15 ndani ya lita 20 hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.05, unaofaa kunawia mikono pale ambapo sabuni haipo. Wa kufutia sakafu na vitanda vya wagonjwa wa kipindupindu ni asilimia 0.2, nguvu mara nne. Ndoo zote mbili ni nyeupe, zote zina bomba dogo chini. Ziandikwe kwa rangi tofauti, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zinazosomwa hapo, na zichorwe picha: mkono kwa moja, sakafu kwa nyingine. Asiyejua kusoma ana haki ya kulindwa kama anayejua.

Watu wakikataa maji yenye dawa, wasigombezwe. Wengine wamesikia kwamba klorini huzuia uzazi, wengine ladha inawachukiza, na mtu akichukizwa atarudi kwenye chemchemi ya bondeni, hapo kazi yote imepotea. Wapeni kipimo washike wenyewe, waone rangi ikibadilika, wajue ni kiasi gani kimetiwa na kwa nini. Wanawake wachache wa bloki waliofundishwa kupima wamebadilisha mawazo kuliko vipaza sauti vya magari.

Sasa wingi wa maji, maana maji safi yasiyotosha huishia kwenye sufuria, na mikono ikabaki mikavu. Kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita yahitaji lita 90, jerikani nne na nusu. Ikiwa ina jerikani moja tu, maana yake ni safari tano kwa siku, na maji ya akiba yatamiminwa kwenye beseni au sufuria pana, chombo kile kile kilichotajwa Kitgum. Kila familia ipewe angalau vyombo viwili vya kuchotea na kimoja cha kuhifadhia chenye mdomo mwembamba au bomba dogo. Jerikani ni rahisi kuliko kisima, ndiyo sababu hakuna anayeikatia utepe.

Pampu ya mkono hupangiwa watu 500. Hebu tupige hesabu hiyo. Watu 500 mara lita 15 ni lita 7,500. Pampu hukadiriwa kutoa lita 17 kwa dakika, kwa hiyo inahitaji dakika 441, zaidi ya saa saba bila mkono hata mmoja kupumzika. Mipira ya pistoni ikichakaa na maji yakapungua nusu, saa saba zinakuwa karibu kumi na tano. Hapo ndipo foleni huanza saa kumi alfajiri, wasichana wanakosa shule, na mkimbizi na mwenyeji wanashikana mashati juu ya nani alitangulia kuweka jerikani.

Afya ya pampu husomwa kwa kuhesabu mipigo. Pampu ya mkono ya aina ya U2, ambayo imeenea Uganda nzima, ina silinda ya kipenyo cha milimita 63.5 na mwendo wa milimita 125. Kila mpigo kamili hutoa karibu lita 0.4, na jerikani ya lita 20 hujaa kwa mipigo kama 50. Mlinzi wa kisima akihesabu kila Jumatatu na kuandika kwenye daftari, ataona 50 ikiwa 60, kisha 75, wiki kadhaa kabla pampu haijafa. Namna inavyougua pia husema ugonjwa wake. Maji yakitoka mara moja lakini kidogo kidogo, mipira ya pistoni imelika. Ikibidi kupiga sana asubuhi kabla maji hayajapanda, kisha yakatoka vizuri, vali ya chini au maungio ya mabomba yanavuja usiku. Mpini ukilegea ghafla na maji yakakatika kabisa, fito za ndani zimekatika au zimefunguka. Fundi anayeletewa habari hizi kwa simu atakuja na kifaa kinachohitajika, asirudi mjini kukifuata.

Kwa pampu ya U2, kubadilisha mipira hiyo midogo ya bei nafuu ni kuvuta mabomba yote juu, kila moja mita 3. Kisima cha mita 45 ni mabomba kumi na matano, mashine ya kunyanyulia na watu wenye nguvu. U3 ina bomba pana zaidi, na pistoni hutoka kwa fito zake bila mabomba kuguswa. Anayenunua pampu kwa ajili ya mahali ambapo fundi yuko mbali angelipima jambo hili kabla ya bei. Kisha kuna kutu. Mahali ambapo maji ya ardhini yana uchachu, mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huliwa, maji hutoka mekundu, nguo nyeupe zinabadilika rangi na watu wanakihama kisima. Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira iliagiza mabomba na fito hizo zisitumike tena. Anayepokea kisima kilichokarabatiwa na aulize mabomba yaliyoshushwa ni ya aina gani.

Kisima kilichofunguliwa ni kisima kilichochafuliwa, kwa sababu mabomba yamelazwa kwenye majani. Kabla ya kukirudisha kwa watu kitiwe dawa. Kisima chenye kipenyo cha milimita 125 na maji ya kina cha mita 30 kina karibu lita 370. Kwa kipimo cha miligramu 50 kwa lita, inatakiwa karibu gramu 27 za klorini ya unga, iyeyushwe kwanza kwenye ndoo kisha imiminwe. Iachwe usiku kucha, asubuhi ipigwe pampu na kumwagwa hadi harufu iishe. Hatua hii hurukwa mara nyingi kwa kuwa watu wana kiu na fundi ana gari linalomngoja.

Mitambo ya jua imesaidia sana Bidi Bidi na kwingineko. Imepunguza malori ya maji ambayo mvua ilikuwa ikiyazamisha barabarani. Ila ijengwe kwa hesabu ya jua. Watu 3,000 kwa lita 15 ni lita 45,000. Ukiwa na saa sita za jua zuri, pampu lazima itoe lita 7,500 kwa saa, na kisima chenyewe kiwe kimethibitishwa kwa jaribio refu kwamba kinaweza. Jaribio la saa chache msimu wa mvua limewapa watu matangi marefu yasiyojaa Februari.

Kuhusu vyoo, tuseme kwanza juu ya jiwe. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu, juu ya ardhi ya volkano isiyochimbika. Ndani ya mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walifariki, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Kisoro, wanakopokelewa watu wanaovuka mpaka wa Kongo hapo Bunagana na kupelekwa kituo cha Nyakabande, iko chini ya milima ile ile ya volkano. Mpango wa choo unaoanza na neno “chimba” hautoshi huko. Panahitajika vyoo vya kunyanyuliwa, vyenye chumba cha kinyesi juu ya ardhi na ngazi za kupandia, au vile vinavyotenga mkojo na kutumia majivu, na vifaa vyake viwe ghalani kabla mabasi hayajafika. Mapigano upande wa pili hayatoi notisi.

Mahali panapochimbika, siku za mwanzo hukubalika choo kimoja kwa watu 50, kisha haraka iwezekanavyo kimoja kwa 20, na mwisho kila familia na chake. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na chini yake pawe na mita moja na nusu ya udongo kabla ya kukuta maji ya ardhini. Familia ya watu watano yenye shimo la mita 1 kwa 1, kina mita 3, ikiacha nusu mita ya juu, italitumia miaka mingi, kwani mtu mmoja hujaza kiasi cha mita za ujazo 0.05 kwa mwaka. Shimo hilo hilo likitumiwa na watu 50 hujaa ndani ya mwaka, na kwa kweli mapema zaidi, kwa sababu kinyesi kinachorundikana haraka hakipati muda wa kuoza na kushuka. Bajeti inayonunua vyoo vya dharura na kusahau fedha ya kuchimba vingine miezi michache baadaye inawarudisha watu vichakani.

West Nile, kaskazini magharibi mwa nchi, ina mchwa. Fito za mti zinazoshikilia sakafu ya choo huliwa kwa ndani huku kwa nje zikionekana nzima, na siku moja mtoto anaanguka. Sakafu ya plastiki au ya zege inayokaa yenyewe juu ya ukingo wa shimo hugharimu zaidi siku ya kwanza na haina mchwa. Kwenye mchanga, ukingo wa juu ujengewe kwa tofali angalau mita moja.

Vyoo vya pamoja vya wanawake viwe vitatu kwa kimoja cha wanaume, visivuke mita 50 kutoka nyumba, viwe na komeo la ndani na taa njiani. Komeo ni kipande cha chuma cha bei ndogo. Choo kisicho nacho hutumiwa mchana na kukwepwa usiku, na binti anayekikwepa hupunguza kunywa maji jioni. Wakati wa hedhi anahitaji maji ndani ya choo au bafu, pipa lenye kifuniko na mahali pa kuanikia vitambaa juani bila kutazamwa. Wanawake waulizwe mahali pa kujenga kabla mti wa kwanza haujasimikwa; baada ya hapo kuuliza ni kupoteza muda wao.

Sabuni: gramu 450 kwa mtu kwa mwezi, za kuogea na kufulia. Posho ikipungua, sabuni huuzwa ili kununua unga, na hakuna somo la usafi litakaloshinda njaa. Penye vibuyu chirizi karibu na vyoo, sabuni ya kipande hupotea. Gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya lita moja na nusu ya maji, kifuniko kikatobolewa, hudumu na hakuna anayeiiba.

Uganda imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5 na kuwapa ardhi na haki ya kufanya kazi chini ya sheria ya 2006, na kanuni ni kwamba asilimia 30 ya msaada iwafikie wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisima cha Kyangwali au Yumbe kinathibitisha hilo kinapofanya kazi. Sasa mitambo mingi inahamishiwa mikononi mwa Shirika la Taifa la Maji na mamlaka za maji za kanda, na maji yanalipiwa. Tunaunga mkono, kwa kuwa pampu isiyo na fedha ya vipuri hufa. Lakini bei ya jerikani ipangwe pamoja na jibu la swali la mjane asiye na shilingi, ambaye ziwa liko wazi kwake bure.

Ndugu Mhariri, mwandishi wako atakapotumwa tena kwenye uzinduzi wa kisima, tunamwomba abaki nyuma nusu saa wageni wakishaondoka. Amuulize mlinzi ni mipigo mingapi inajaza jerikani, mipira ya akiba na spana ziko kwa nani, na fundi hufika baada ya siku ngapi akiitwa. Kisha aingie nyumba tano, aombe kikombe cha maji, akitie kwenye kipimo mbele ya mwenye nyumba, na namba hizo tano zichapwe chini ya picha ya utepe. Kipimo na vidonge tutampa.

Wako,
Mafundi na wahamasishaji wa maji na usafi,
Magharibi mwa Uganda